Mama Safina hajawahi kuona mlango wake ukifunguliwa

Saa mbili asubuhi, sauti ya mwanamke inatoka ndani ya sanduku la mbwa.

"Tikisa tena," inasema. "Tikisa kama mtu niliyemkosea."

Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye amemwacha mteja na povu kidevuni, anashika kona mbili za sanduku na kulitikisa mpaka vumbi la mbao linaruka. Halafu analipiga ubavuni kwa ngumi. Ndani kimya. Sauti inatoka tena, imetulia, ya mtu aliyelala kitandani kwake: komeo la juu linalia, na kuna skrubu moja haijakaza.

Mlango unafunguliwa. Anatoka mwanamke wa miaka hamsini na miwili, kichwa kwanza, kisha bega moja baada ya jingine, nyusi zimejaa unga wa mbao. Ananyoosha mgongo, anachukua bisibisi na kurudi kwenye skrubu yake.

"Jana yule mbwa Karanga alilia humu," anasema bila kugeuka. "Nilitaka nisikie alichokisikia yeye."

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena mtaa huu. Watu wote wanamwita Mama Safina, kwa sababu anajenga masanduku ya kusafirishia wanyama kwa ndege, na wanyama wenyewe karibu wote ni mbwa. Jina hilo lilianza kama dhihaka ya kinyozi, likaganda. "Nuhu alipakia wawili wawili," anasema. "Mimi wananijia mmoja mmoja, na kila mmoja na vituko vyake."

Wateja wake ni watu wanaohama. Huyu amepata kazi nchi nyingine, yule ameolewa ng'ambo, mwingine ameitwa na wanawe. Mtu anauza kabati, anagawa sufuria, anamwachia jirani mazulia, halafu anakwama kwa mbwa. Mbwa hagawiki kirahisi hivyo.

Mwandishi wa simulizi hii alifika karakanani hapo na kejeli mfukoni. Mbwa anapanda ndege, na sisi wenye miguu miwili tunaziona kwa chini tu, tena tukiwa tumekunja shingo. Kejeli hiyo ilikaa mfukoni siku zote tatu za ziara yake na haikupata pa kutokea.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja chenye bati juu na sakafu ya saruji iliyopasuka. Mbao zimeegemezwa upande mmoja, wavu wa chuma umeviringishwa pembeni, na ukuta wa ndani kabisa umetundikwa kamba. Kamba za katani, za nailoni, kamba za viatu, kila moja na msumari wake na mafundo yake. Kwa mbali unadhani ni mapazia yaliyochakaa.

Ni vipimo. Mama Safina hampimi mbwa kwa futi ya chuma, kwa kuwa ile ikijirudisha inapiga kelele, na mbwa anaanza kukuogopa kabla hamjajuana. Anapima kwa kamba. Fundo moja ni urefu kutoka chini hadi masikioni, fundo la pili ni kutoka puani hadi shinani mwa mkia. Mbwa akishapaa, kamba yake inatundikwa ukutani.

"Huyu alikuwa mkubwa kama ndama," anasema akishika kamba moja nene, "na alimkimbia paka wa kinyozi." Anaigusa nyingine, fupi, ya kiatu. "Huyu mwenye naye alilia kuliko waliofiwa."

Ukisimama mbele ya ukuta ule unajua kwamba kila kamba ni kiumbe aliyewahi kusimama hapo ulipo, akapimwa masikio, na leo anabweka katika nchi ambayo fundi wake hawezi kuionyesha kwenye ramani. Mwandishi alivua kofia bila kujua kwa nini.

Zamani Mama Safina alitengeneza vitanda. Vitanda vya kiwandani vilipojaa madukani, kazi ikakauka, akawa anagongea watu miguu ya viti. Siku moja mwalimu mmoja aliyekuwa anahama alimwomba sanduku la mbwa. Akalipiga misumari, akalipaka vanishi mpaka likang'aa, akaenda nalo uwanja wa ndege kwa fahari. Lilikataliwa mlangoni: misumari hairuhusiwi, hewa haipiti nyuma, na harufu ya vanishi ingemlevya mnyama.

"Nililirudisha kichwani," anakumbuka. "Kila niliyekutana naye njiani aliuliza ni jeneza la nani."

Hakukaa chini akalia. Alirudi kwa mkaguzi wa mizigo akamwambia, baba, nionyeshe unachotaka, nitakifanya. Mwezi mzuri sasa hujenga masanduku matatu au manne. Mwezi mbaya hajengi hata moja na anarudia miguu ya viti. Faida ya sanduku moja inalipa kodi ya karakana ya mwezi na kununua unga wa wiki mbili. Mabinti zake wawili wamesoma kwa masanduku hayohayo.

Lakini kujenga, anasema, ndiyo nusu nyepesi. Mbwa anayejirusha na kuuma wavu hapokelewi uwanjani. Mbwa aliyelazwa kwa dawa hapokelewi pia, maana akizidiwa huko juu hakuna wa kumwona. Inabidi aingie kwa hiari yake, mlango ufungwe, na atulie gizani peke yake kwa saa nyingi, kwenye ngurumo asiyoijua.

"Sanduku ni mbao tu," anasema Mama Safina. "Kazi ni kumfanya mbwa aziamini."

Kwa hiyo mbwa huanza kuja wiki mbili kabla ya safari. Kwanza hula ndani ya sanduku lisilo na mlango. Kisha mlango unawekwa, ukiwa wazi. Kisha unasukumwa kidogo, mpaka siku inafika unafungwa na mbwa anakoroma. Ndani hutandikwa nguo ya mwenye mbwa, yenye harufu yake. Njia hiyo, anasema, haijawahi kumwangusha.

Mpaka alipokuja Karanga.

Karanga ni mbwa wa kawaida kabisa, rangi ya karanga zilizokaangwa na maganda yake, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Hana ukoo wa kujivunia. Miezi miwili tu iliyopita alikuwa akishinda chini ya meza ya muuza nyama, akingoja bahati.

Mwenye naye ni mzee wa miaka sabini, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu. Moto wa kuchomelea ulimla macho taratibu, na sasa anaona vivuli tu. Siku moja alipokuwa anarudi kutoka kununua nyama, mbwa yule alimfuata. Walipofika kwenye mtaro ulio wazi, akampita mbele, akasimama amekingama miguuni pake. Mzee akamtukana. Kisha akapapasa na fimbo yake, akakuta mbele yake hakuna ardhi.

"Nilimwomba radhi palepale," anasema mzee. "Kesho yake nikaenda kumuuliza muuza nyama ni wa nani. Akasema, ni wa kwako, mzee, maana tangu jana hajarudi."

Hakuna aliyemfundisha Karanga kazi hiyo. Siku ya kwanza walipofika karakana, kulikuwa na ubao umelala mlangoni, misumari juu. Karanga aliuzuia mguu wa mzee na hakusogea mpaka kinyozi alipouondoa.

Binti wa mzee anafanya kazi ng'ambo, anahudumia wazee wa watu wengine. Kwa miaka mingi amemwomba baba yake ahamie kwake. Safari hii alikuja mwenyewe kumchukua, na likizo yake inaisha, wanaondoka Ijumaa. Baba alikubali kwa sharti moja lenye miguu minne.

"Baba, una miezi miwili tu na huyu mbwa," binti alimwambia. "Na mimi una miaka thelathini na tano."

"Najua, mama," mzee alimjibu. "Lakini wewe utakwenda kazini asubuhi. Bila Karanga nitakaa nyumbani kwako kama kiti. Atakayekuja atanikuta nilipoachwa."

Chipu ndogo ya utambulisho imeshawekwa chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa imechomwa, daktari wa mifugo ameridhika. Kimebaki kitu kimoja. Karanga anaingia sandukuni, anakula, anatoka akijilamba. Mlango ukifungwa, anageuka mwingine. Analia, anaparura, anatupa huku na huku shati la mzee lililotandikwa.

Leo ni Jumatano. Mbwa akikataa, mzee haendi, na binti atarudi peke yake kuwaogesha wazee wa watu huku wa kwake akipapasa mitaro.

Wanafika saa tatu. Karanga yuko mbele, mzee nyuma kwa nusu hatua, ameshika kamba, shati limechomekwa vizuri ndani ya suruali. Binti anafuata na mkoba, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

"Mama, leo akikataa tufanyeje?" anauliza.

"Tutakaa," anajibu Mama Safina. "Mimi leo sina kazi nyingine."

Skrubu imekazwa, komeo limepakwa mafuta. Karanga anaingia, analamba chakula chake. Mama Safina anausukuma mlango polepole. Komeo halilii tena. Lakini Karanga analia, kilio kirefu kinachomfanya mteja wa kinyozi asimame kitini. Kucha zinakwaruza mbao. Binti anajishika kichwa. Mzee amesimama katikati ya karakana, na kwa kuwa hajui ageukie wapi, ameugeukia ukuta wa kamba.

Mama Safina anafungua. Karanga anaruka nje, anakwenda kuegemea mguu wa mzee, akitetemeka. Shati limekokotwa hadi sakafuni. Kinyozi analiokota ili asilikanyage, na kwa mazoea ya kunusa taulo za wateja, analinusa.

"Jamani," anasema. "Hili shati linanukia duka la sabuni."

Mama Safina analipokea shati na kulinusa, asisikie kitu.

Ieleweke kwamba Mama Safina hana pua. Vumbi la mbao limeila; kitunguu kinaungua jikoni kwake na anaendelea kusimulia. Wateja wote waliotangulia walileta fulana za kulalia, soksi, foronya zisizofuliwa, bila maswali. Lakini huyu alikuwa mzee wa heshima, wa umri wa kumzaa. Utamwambiaje mzee wa watu akuletee nguo yake chafu? Alimwambia, kwa adabu, alete "shati unalolipenda".

"Mzee wangu," anauliza sasa, kwa sauti ndogo, "shati hili ulilifua?"

"Mara mbili," anajibu mzee. "Na kila akilichafua nalifua tena. Pasi napiga mwenyewe, kwa kupapasa. Linakwenda ng'ambo hilo, fundi. Walifungue huko waseme baba yake binti huyu ni mchafu?"

Anayeanza kucheka ni binti, na kicheko chake kinageuka machozi kabla hakijaisha. Mama Safina amejishika kiuno, anatikisa kichwa.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilikuonea haya. Nilikuwa nataka lile chafu. Lenye jasho lako."

Mzee anaiweka fimbo chini. Kisha anaanza kufungua vifungo.

Anavua shati alilolivaa, anabaki na singlendi. Mikononi na mabegani ana vidoa vyeupe, vingi mno, alama za cheche za miaka yote aliyochomelea mageti ya watu. Binti anazitazama. Baadaye alimwambia mwandishi kwamba tangu utotoni hakuwahi kumwona baba yake bila mikono mirefu mchana.

Mzee anapiga magoti, anapapasa mlango wa sanduku, anaingiza kichwa na mabega. Anatandika shati kwa viganja, analainisha kila kunjo, kwa namna mama anavyotandika kitanda cha mtoto. Anatoka.

Karanga anasogea. Ananusa kizingiti. Ananusa mkono wa shati, kola, kwapa, na hapo kwapani anakaa sana. Kisha anaingia mzima, anajizungusha, anajilaza, na kuweka kidevu juu ya kola. Mzee mwenyewe anaupapasa mlango na kuufunga.

Wote tunasubiri kilio. Kinachokuja ni pumzi, ndefu, ya kiumbe aliyefika nyumbani. Halafu hakuna kitu. Mwandishi ameona mengi katika kazi hii na huwa haamini haraka, lakini pale alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja. Miezi miwili tu, na mnyama yule alikuwa radhi kufungiwa gizani, mradi giza lenyewe linuke mtu wake.

"Hapo hata mimi ningelala," anasema kinyozi, na kurudi kwa mteja wake ambaye povu limeshamkaukia.

Ijumaa, sehemu ya mizigo ya uwanja wa ndege. Ni ukumbi mrefu wenye jukwaa la saruji ambapo magari hurudi nyuma kupakia. Sakafuni kuna mstari wa njano. Mpaka hapo ndipo Mama Safina anaporuhusiwa kufika, na hapo ndipo amekuwa akiwaaga wote.

Mkaguzi anazunguka sanduku la Karanga. Anagusa komeo, anavuta wavu, anamwaga maji kidogo kwenye bakuli kutoka nje. Anamulika tochi ndani. Karanga anafungua jicho moja, analifumba. Mkaguzi anakunja uso.

"Mama, huyu ametulia kupita kiasi," anasema. "Mmempa dawa?"

"Hajapewa kitu, mwanangu. Unanijua."

"Nakujua wewe. Mbwa simjui. Akiwa amelewa simpokei."

Binti yuko kwenye dirisha la kukagulia hati, mbali kidogo. Mzee, aliyeachwa amesimama karibu na ukuta, amesikia neno "simpokei". Anaanza kutembea kuifuata sauti, mkono umenyooshwa, fimbo ameisahau. Lakini ukumbi unarudisha mwangwi, na sauti anayoifuata haiko anakodhani. Anaelekea kwenye ukingo wa jukwaa, na chini yake ni kimo cha mtu mzima.

Kabla yeyote kati yetu hajafumbua kinywa, Karanga amebweka. Mara moja tu, kavu, kutoka ndani ya sanduku.

Mzee anasimama palepale, mguu mmoja hewani. Anaurudisha nyuma.

Mama Safina amemfikia, amemshika mkono. Mkaguzi bado ameinamisha tochi, anatazama ndani ya sanduku, ambako Karanga ameshalaza tena kidevu kwenye kola. Anamtazama mzee. Anatazama ukingo wa jukwaa.

"Hajalewa," anasema taratibu, na kubandika kibali chake juu ya sanduku.

Sanduku linasukumwa ng'ambo ya mstari wa njano. Mama Safina analifuata kwa macho mpaka mapazia ya plastiki yanapolimeza. Kumbe hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayomsumbua miaka yote. Anafunga milango, na mingine hata yeye amejaribu kulala nyuma yake, lakini hajawahi kuona hata mmoja ukifunguliwa upande wa pili.

"Watu huahidi kupiga simu," anasema. "Wakifika wanasahau, na siwalaumu. Mtu ana nyumba mpya, ana baridi mpya. Mimi hubaki nikijiuliza, yule mdogo alitoka na mguu gani."

Jumapili alasiri, simu yake inalia. Ni binti, kwa video. Kinyozi anakuja mbio na kuishika simu juu ili wote tuone. Kuna sakafu ya mbao nyepesi, dirisha lenye mwanga mweupe, na katikati limekaa sanduku, mishale myekundu aliyoichora Mama Safina ubavuni bado inaelekeza juu.

"Nilikuahidi, mama," inasema sauti ya binti. "Baba alitaka kumfungua tangu uwanjani. Nikamwambia subiri, kuna mtu lazima aone."

Mkono wenye vidoa vyeupe unaingia kwenye picha, unapapasa, unalipata komeo. Mama Safina anaisogelea simu.

Picha inaganda.

Kinyozi anainua simu juu, anaishusha, anasogea mlangoni, anaitukana mitandao yote. Mkono umeganda juu ya komeo. Lakini sauti haijakatika. Komeo linasogea, na halilii. Mlango unajibamiza ubavuni mwa sanduku. Kucha zinakimbia juu ya mbao, kitu kinaanguka, na mzee anacheka, kicheko cha mtu aliyeangushwa chali na hataki kuinuka.

"Taratibu," anasema sauti yake, huko aliko. "Taratibu, baba. Huku hakuna mtaro."

Simu inakatika. Mama Safina anabaki ameikodolea macho. Kisha anajifuta uso kwa upindo wa aproni, na anaacha alama ya unga wa mbao shavuni.

"Nimesikia," anasema. "Kuona, bado."

Ana mpango, na hajaanza kuuota jana. Amekwishapiga picha ya pasi ya kusafiria, ambayo anaionyesha kwa shingo upande kwa sababu nyusi zimetoka nyeupe. Kila sanduku linalouzwa, kidogo kinawekwa pembeni. Hatafuti kutembezwa wala kununuliwa vitu. Anataka asafiri mara moja, siku moja na mbwa mmoja, asimame ng'ambo ya mstari wa njano, amfungulie, amwone anavyotoka. Kisha atarudi, maana viti vya watu vinamngoja.

Anachukua kamba ya Karanga, ya katani, yenye mafundo mawili, na kuitundika kwenye msumari wake. Anapogeuka, kinyozi amesimama nyuma yake na kipande cha kamba mkononi. Anakishusha kutoka utosini mwa Mama Safina hadi sakafuni, anafunga fundo, na kukitundika ukutani kando ya ile ya Karanga.

"Wewe, acha mchezo," anasema Mama Safina. "Pale inatundikwa ya aliyekwenda."

"Basi nenda," anajibu kinyozi, na kurudi kwenye mikasi yake.

Mama Safina anaitazama kamba ile kwa muda. Halafu anashika randa na kuendelea na kazi, na kamba ameiacha palepale.